Kiwanja cha Ndege cha Mtwara na Kazi Yake kwa Watu wa Kusini

Wasomaji wetu wa Mtwara, wa Lindi, na wa vijiji vya kandokando ya Mto Ruvuma hawajasahau mambo ya mwezi wa Mei mwaka 2024. Siku hizo kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikaribia pwani yetu upande wa Mafia, na mvua kubwa ikanyesha katika wilaya ya Kilwa. Maji yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam mahali pengi, huko Somanga na jirani zake, yakachukua makalvati na lami pamoja na udongo wa chini yake. Mabasi yakasimama upande huu na upande ule, malori ya vyakula vivyo hivyo, na abiria wakalala njiani. Mwenye haraka akaambiwa azunguke kwa Masasi, Tunduru, Songea na Iringa, ndiyo safari ya zaidi ya kilometa 1,500, badala ya zile 560 hivi za njia ya pwani.

Njia nyingine zilizosalia zilikuwa mbili tu, bahari na hewa. Bahari baada ya kimbunga yataka saburi. Basi yamkini wengi waliosikia ngurumo ya ndege ikishuka Mtwara katika siku zile waliitazama kwa macho ambayo hawakuitazama nayo zamani.

Kwa hiyo twaona yafaa leo tueleze habari za kiwanja cha ndege cha Mtwara, jinsi kilivyo, na kazi iwezayo kufanya, na kazi isiyoiweza. Maneno mengi husemwa juu yake barazani. Mmoja husema, "Kile ni kiwanja cha wakubwa, sisi wakulima hakituhusu." Mwingine husema, "Sasa tumepata kiwanja kikubwa, mali itakuja yenyewe." Kwa maoni yetu wote wawili wamekosa, na huyu wa pili amekosa zaidi, nasi tutaonyesha sababu.

Kiwanja kipo kusini ya mji, juu ya uwanda ulioinuka yapata mita 113 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu mtu atokaye Shangani au bandarini hupanda kabla hajafika. Kwa miaka mingi njia yake ya kurukia ndege ilikuwa na urefu wa mita 2,258 na upana wa mita 30. Tena haikuwa na taa za kufaa, basi ndege iliyocheleweshwa Dar es Salaam hata jua likashuka haikuweza kuja tena siku ile, na abiria hawakuwa na budi kungoja siku ya pili. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 Rais John Pombe Magufuli aliweka jiwe la msingi la kazi ya kukipanua, na mwezi wa Septemba mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua. Sasa njia ina urefu wa mita 2,800 na upana wa mita 45, na taa zimewekwa ili ndege ziweze kushuka usiku.

Mtu aweza kuuliza, Je, mita 542 zaidi zina maana gani, hata zitumie mabilioni ya shilingi? Jawabu ni uzito wa ndege. Shirika letu la ndege, ATCL, lina ndege za namna mbali mbali. Zile zenye mapanga ya kuzunguka mbele ya mabawa, ziitwazo Q400, huchukua abiria 76. Ndege ya namna ya Airbus A220-300, ambayo haina mapanga ya nje, huchukua abiria 132. Kadiri ndege inavyokuwa nzito, ndivyo inavyotaka kukimbia mbali zaidi kabla haijainuka, na ndivyo inavyotaka nafasi ya kusimama inaposhuka. Tena nchi yetu ni ya joto, na hewa ya joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Hewa nyepesi hailishiki sana bawa, basi ndege ile ile yahitaji njia ndefu zaidi Mtwara mchana wa Desemba kuliko inavyohitaji katika nchi ya baridi. Upana nao si pambo. Rubani ashukaye wakati upepo wavuma kwa ubavu hupata nafasi ya kusahihisha mwendo wake.

Hapa pana somo zuri kwa waalimu wa pwani, maana watoto wa Mikindani na Msimbati huzijua pepo tangu utoto. Nahodha wa jahazi hupenda upepo utokao tezi, umsukume aendako. Rubani wa ndege hutaka kinyume chake. Anapoondoka, na tena anaposhuka, huuelekea upepo kwa pua ya ndege. Watoto wasiosadiki na wakumbushwe tiara zao. Mtoto arushaye tiara hukimbia kuukabili upepo, wala hakimbii pamoja nao, maana ni ile hewa ipigayo kwa mbele inayoinua. Basi wajenzi wa viwanja hutazama kwanza pepo za mahali, kisha huilaza njia sambamba nazo. Njia kuu ya Mtwara imelazwa karibu sawasawa kati ya kaskazini na kusini, kwa ajili ya pepo zetu mbili. Wakati wa kusi ndege huondoka ikielekea kusini, na wakati wa kaskazi huondoka ikielekea kaskazini. Kila ncha ya njia imeandikwa tarakimu kubwa, 01 na 19. Tarakimu hizo ni hesabu za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: 01 ni nyuzi 10, karibu na kaskazini kamili, na 19 ni nyuzi 190, karibu na kusini kamili. Mwalimu mwenye dira ndogo aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili katika uwanja wa shule kwa nusu saa.

Sasa na tuje kwenye shehena, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Mazao makubwa ya kusini ni korosho, na baada yake ufuta, mbaazi na mihogo. Je, kiwanja kikubwa kitachukua korosho zetu? Tufanye hesabu. Msimu wa 2017/18 korosho za nchi nzima zilipita tani 300,000, na sehemu kubwa ilitoka mikoa hii ya kusini. Ndege ya Q400 huchukua mzigo wa tani 8 hivi. Gawanya 300,000 kwa 8, utapata safari 37,500. Ndizo safari zaidi ya 100 kila siku, mwaka mzima bila ya kupumzika hata sikukuu. Hata tukiichukua ile ndege kubwa ya mizigo ambayo ATCL iliipokea mwaka 2023, ichukuayo tani 54, tutahitaji safari zaidi ya 5,500, na nauli yake itakula bei ya korosho zote na magunia juu yake. Meli moja iliyofunga kwenye gati la Mtwara hupakia maelfu ya tani, ikaondoka. Kwa hiyo korosho ni mali ya bahari, na itabaki kuwa mali ya bahari. Mtu akiwaambia kwamba kiwanja cha ndege kitapandisha bei ya korosho kwa kuzibeba, mwulizeni kama amepata kufanya hesabu hiyo.

Twaonya hivi kwa sababu nchi hii ya kusini iliwahi kujengewa vitu vikubwa kwa tumaini lisilopimwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na watu wakafikiri kulima karanga katika Tanganyika kwa matrekta. Mwaka 1946 wajumbe walioongozwa na Bwana John Wakefield waliletwa kuitazama nchi. Kazi yao ilichukua majuma machache tu, na sehemu kubwa ya mwendo wao ilikuwa kwa ndege. Kutoka juu nchi huonekana tambarare na tupu. Walakini mtu aliye angani haoni ugumu wa udongo, wala hahesabu miaka ya ukame. Kazi ilianzwa Kongwa, kisha Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Kongwa mvua ilipungua, na udongo ukakauka ukawa kama tofali. Mwezi wa Januari mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango huo umeachwa, na hasara yake yapata pauni milioni 36.

Lakini kwa ajili ya karanga za Nachingwea palikwisha anzishwa mambo mawili makubwa, bandari ya maji marefu hapa Mtwara, na njia ya gari la moshi. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, na reli ikafika mjini wakati uo huo, karanga zenyewe zikiwa zimekwisha kufa miaka mitatu mbele. Tazameni sasa mwisho wa vitu hivi viwili. Reli ilifungwa mwaka 1962, kisha vyuma vyake vikang'olewa, na leo mtu apitaye barabara ya Mingoyo huenda asijue kwamba gari la moshi lilikuwa likipita nchi hii. Gati halikufa. Wakulima wa Makonde, wa Newala na wa Masasi walipanda mikorosho, na msimu wa 1973/74 korosho za nchi zilifika tani 145,000, gati likapata shehena. Hivi karibuni limeongezwa gati jipya la mita 300, na tangu msimu wa 2023/24 Serikali imetaka korosho za kusini zipakiwe hapa Mtwara, zisipelekwe tena Dar es Salaam kwa malori.

Reli na gati zilijengwa na watu wale wale kwa haja ile ile, na kimoja kimekufa na kimoja ki hai. Kiwanja cha ndege nacho kitafuata mojawapo ya njia hizi mbili, maana lami na taa haziwezi kujilisha. Kiwanja kisichopata abiria na mizigo hupungukiwa na ndege. Ndege zikipungua, nauli hupanda. Nauli ikipanda, abiria hupungua tena. Mashirika ya ndege hayatazami uzuri wa jengo, hutazama viti vilivyojaa.

Basi kazi ya kiwanja ni nini, ikiwa si kubeba mazao yetu makubwa? Kazi yake ni kufupisha wakati. Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam kwa hewa ni karibu kilometa 400, na ndege hukata mwendo huo kwa saa moja hivi. Basi la abiria hutumia mchana mzima, barabara ikiwa nzima. Wazee hukumbuka kwamba zamani, kabla ya kufunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, palikuwa na kungoja kivuko katika Mto Rufiji, na wakati wa masika njia ilifungwa kwa majuma. Hatusemi kila mtu apande ndege. Nauli yake huizidi ya basi mara kadhaa, na mkulima mwenye akili hawezi kutoa fedha hizo kwa ajili ya harusi ya binamu. Lakini pana mambo ambayo wakati wake ni ghali kuliko nauli, na mambo hayo humfikia hata yule asiyepanda ndege maisha yake yote.

La kwanza ni ugonjwa. Tuseme mama mmoja wa Kitaya au wa Mahurunga, karibu na Ruvuma, ana maradhi yatakayo mganga wa moyo. Mtwara sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ambayo imepunguza sana safari za Muhimbili. Lakini hospitali kubwa haiwi na kila bingwa kila siku. Bingwa atokaye Dar es Salaam kwa ndege ya asubuhi aweza kuwaona wagonjwa wengi na kurudi kesho yake. Akija kwa gari, siku mbili zimepotea njiani, naye si rahisi akubali kuja mara kwa mara. Kwa hiyo mama yule hakupanda ndege, ila ndege imemletea mganga. Chanjo zitakazo baridi, na vifaa vya hospitali vilivyoharibika ghafula, ni vivyo hivyo, hasa barabara inapokatika kama ilivyokatika mwaka 2024.

La pili wengi hawalijui kabisa. Mtwara hali ya hewa hupimwa kiwanjani. Humo hupimwa mvua, joto, upepo na uzito wa hewa, kwa ajili ya marubani. Hesabu zile zile, zikijumlishwa miaka mingi, ndizo zimwonyeshazo mkulima kama masika imechelewa au imewahi, na ndizo waliokosa wale wa karanga kule Kongwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi, zama ambazo hapakuwa na vyombo vya angani vya kukitazama kimbunga tangu kizaliwapo baharini. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipoielekea pwani yetu, watu wa Mtwara walionywa mapema wajihifadhi. Nacho kikageukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikaleta msiba huko. Mwalimu atakaye kuwafundisha watoto kupima mvua kwa chupa na rula, na akafanya bidii kulinganisha hesabu zake na za kituo, atakuwa amewafundisha jambo litakalowafaa kuliko mashairi mengi. (Wapenzi wa mashairi watusamehe.)

La tatu ni biashara ya wageni, nayo yataka kuelezwa kwa uangalifu, kwani ina utamu na ina uchungu. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikakaa ardhini miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuwasha taa za Mtwara. Tangu mwaka 2010 makampuni makubwa yalitafuta gesi katika bahari ya kina, na mafundi wao walikuja Mtwara kwa ndege, kisha helikopta zikawapeleka kwenye merikebu za kuchimbia. Siku zile mji ulichangamka, viwanja vya nyumba vikapanda bei, na watu wakajenga nyumba za wageni kwa mikopo. Mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote kilianza kazi, na bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam likafunguliwa. Lakini utafutaji wa bahari ya kina ulipopungua, wageni waliokuja kwa ndege waliondoka kwa ndege, na vitanda vikabaki vitupu. Wenye mikopo walijua uchungu wake. Hatuwalaumu, maana hata wakubwa walitumaini hivyo hivyo. Twasema tu kwamba mgeni ajaye kwa upesi aweza kuondoka kwa upesi ule ule, na mji utegemeao wageni wa namna moja huyumba kama mtumbwi.

Jambo jingine limebadilika mbele ya macho yetu. Zamani mnunuzi mkubwa wa korosho, au mtu wake, alikuja mwenyewe kutazama mali na kuhudhuria mnada wa vyama vya ushirika. Tangu msimu wa 2024/25 minada huendeshwa kwa mtambo wa Soko la Bidhaa, na mnunuzi aweza kutoa bei yake hali amekaa ofisini kwake mbali. Hivyo simu na kompyuta zimeichukua kazi moja ya ndege. Ni vizuri kwa mkulima, kwani wanunuzi wengi zaidi waweza kushindana. Walakini si vizuri kwa mwenye teksi wa kiwanjani. Mambo ya dunia hayaji na faida ya upande mmoja.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, vijiji vya pwani vyaweza kulifanya wenyewe. Ndege haifai kwa mali nzito ya bei ndogo. Yafaa kwa mali nyepesi ya bei kubwa iharibikayo upesi. Je, tunayo mali ya namna hiyo? Tunayo. Katika mikoko ya mlango wa Ruvuma na ghuba ya Mnazi mna kaa wakubwa, na katika miamba mna pweza na kamba. Kaa wa mikoko aliye hai huuzwa katika nchi za ng'ambo, na husafirishwa kwa ndege, maana kaa aliyekufa njiani hana bei, na mnunuzi humtupa. Mtu wa Msimbati aliyemkamata kaa usiku, akamwuza alfajiri kwa mchuuzi apitaye na pikipiki, hupata kidogo. Kazi kubwa ya bei huongezeka mbele yake, mikononi mwa watu asiowajua.

Yafaa tuieleze njia ya kaa huyo tangu topeni mpaka angani, ili watu waone mahali inapokatika. Kwanza, awe mzima, miguu yake yote ipo, na magando yamefungwa kwa kamba asijeruhi wenzake. Pili, awekwe kivulini ndani ya kikapu chenye majani mabichi au gunia lililoloweshwa maji ya bahari, wala asizamishwe katika ndoo ya maji yaliyosimama, maana hewa ya maji humwishia akafa. Tatu, wavuvi wa vijiji vinavyokaribiana wapatane siku moja ya kukusanya, nayo iwe siku ya ndege. Hapa ndipo penye kasoro kubwa. Mvuvi mmoja akileta vikapu viwili leo na mwingine vitatu keshokutwa, hakuna mfanyi biashara atakayekodi nafasi kwa mzigo huo. Lakini vijiji vitano vikileta pamoja, mzigo huwa mzigo. Nne, pawe na mizani ya haki na daftari, na vibali vya idara ya uvuvi vipatikane kabla ya siku, si siku ile ile kiwanjani hali kaa wanakufa juani. Tano, bei ya Dar es Salaam iulizwe kwa simu asubuhi ile, ili mvuvi asiuze kwa giza.

Walakini twaongeza onyo. Tangu mwaka 2000 sehemu ile imekuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 650, na sheria zake ni kwa faida ya wavuvi wenyewe. Soko la ndege lina tumbo kubwa. Likifunguliwa bila ya kipimo, litakula kaa wadogo na majike wenye mayai, na baada ya miaka michache patabaki matope matupu. Wakubwa wa vijiji ndio watakaoamua kama vipimo vitashikwa, kwa maana askari wa hifadhi hawezi kusimama chini ya kila mkoko.

Watu wengine huuliza kama ndege za Mtwara zingeweza kwenda nchi jirani moja kwa moja. Ukiitazama ramani utaona jambo la ajabu kidogo: Moroni, mji mkuu wa Komoro, hauko mbali na Mtwara kuliko Dar es Salaam ilivyo. Watu wa pwani yetu na watu wa Ngazija wamejuana tangu zamani za majahazi. Upande wa kusini, Pemba ya Msumbiji ipo karibu zaidi bado. Lakini fitina na vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 vimeidhuru biashara ya Kilambo na ya vijiji vyote vya mto, na mwezi wa Oktoba mwaka 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa, watu wakauawa. Biashara ya hewa na ya maji zote mbili hutaka amani kwanza.

Tuseme na majirani wa kiwanja maneno machache, kwa kuwa ajali hutokea kwa mambo madogo. Msichome moto majani na mabaki ya shamba karibu na kiwanja, kwani moshi humpofusha rubani wakati ule ule anapoitaka sana nuru. Msitupe takataka za jikoni wala matumbo ya samaki kandokando yake. Kunguru na mwewe hukusanyika, na ndege mmoja wa mwituni akiingia ndani ya mashine aweza kuiharibu. Mbuzi na ng'ombe wasipitishwe penye uzio uliobomoka, wala uzio usibomolewe kwa ajili ya njia ya mkato. Vijana wenye zile ndege ndogo zisizo na rubani, za kupigia picha za harusi, wajue kwamba sheria yataka kibali, na karibu na kiwanja ni hatari kubwa. Na mtu atakaye kununua kiwanja cha nyumba upande ule, aende kwanza ofisini akaulize mipaka na kimo cha nyumba kinachoruhusiwa, kabla hajatoa fedha yake kwa dalali. Tumesikia habari za watu, si hapa tu, waliojenga kwanza na kuuliza baadaye.

Limebaki jambo la njia za nchi kavu, nalo kwa vijiji vingi ni kubwa kuliko kiwanja chenyewe. Ndege hukata safari ya Dar es Salaam kwa saa moja, lakini mzigo wa kaa utokao Msimbati wakati wa mvua waweza kutumia muda mrefu kuliko huo kabla haujauona mji. Barabara ya Mtwara kwenda Newala na Masasi imetiwa lami kilometa 50 za kwanza mpaka Mnivata, na kazi ya kilometa 160 zinazofuata ilikwisha kupewa wakandarasi. Njia ndogo za pwani zi katika mikono ya halmashauri za wilaya na wakala wa barabara za vijijini, na maombi yake hupitia katika mikutano ya kijiji na ya kata. Mwenyekiti aendaye katika mikutano hiyo na achukue daftari lenye hesabu: vikapu vingapi vilitoka mwezi huu, vingapi viliharibika njiani, na ni kalvati gani lililovizuia.